Safari ya Milima ya Moshi: Habari za Dollywood

Jina la Bibi Dolly Parton si geni katika nchi yetu. Kwa miaka mingi nyimbo zake zimesikika katika redio pamoja na zile za marehemu Jim Reeves, na wako wazee wa bara waziimbao toka mwanzo hata mwisho pasipo kujua maana ya kila neno. Walakini ni wachache wajuao kwamba mama huyo anayo sehemu katika umiliki wa bustani kubwa ya burudani, nayo iko katika wilaya ile ile alimozaliwa. Bustani hiyo yaitwa Dollywood, na iko katika mji mdogo wa Pigeon Forge, jimbo la Tennessee, Marekani. Mwaka hata mwaka huzuru huko watu wapatao milioni tatu.

Mimi nilifika huko pamoja na ndugu yangu asomaye katika mji wa Knoxville, nao si mbali. Kwa motokaa ni mwendo wa saa moja hivi. Nilitaka kuona jambo moja hasa. Bustani nyingi za namna hii zimejengwa juu ya hadithi za kubuni, za panya wasemao na majumba ya wafalme. Hii imejengwa juu ya maisha ya wakulima maskini wa milimani. Nikajiuliza, je, yawezekana umaskini wa watu uwe kitu cha kutazamwa kwa tiketi, nao wenyewe wasiaibike wala wasinyang'anywe?

Kwanza yafaa msomaji aijue nchi yenyewe. Milima ile yaitwa Great Smoky Mountains, yaani Milima Mikubwa ya Moshi, kwa sababu ukungu wa samawati huikalia asubuhi na jioni. Si moshi wa moto. Ni mvuke utokao katika majani ya misitu. Kilele kilicho kirefu kuliko vyote, Kuwohi, kina futi 6,643. Ndugu yangu alinionyesha kwa fahari, nami sikutaka kumvunja moyo kwa kumkumbusha kwamba mtu wa Limuru hupanda juu kuliko hapo akienda sokoni. Lakini misitu yake ni mizuri sana, na mnamo Oktoba majani hugeuka rangi yakawa mekundu na manjano, hata barabara zikajaa magari ya watazamaji.

Wenyeji wa kwanza walikuwa Wacherokee. Wengi wao walifukuzwa kwa nguvu za askari mwaka 1838 na kupelekwa magharibi kwa miguu, na maelfu wakafa njiani. Wakabaki katika mabonde wakulima wa Kizungu, wengi wao wa asili ya Uskoti, Ireland na Uingereza, wenye mashamba madogo ya mahindi na tumbaku. Mahindi ndiyo yaliyokuwa chakula chao, kama sisi. Tena mahindi hayo hayo yaliwapa pombe kali waliyoipika porini usiku ili wasikamatwe, ndugu kamili wa chang'aa yetu. Siku hizi pombe hiyo yauzwa waziwazi kwa leseni.

Hata wakulima hao nao wakaondolewa. Serikali ilipoanzisha hifadhi ya taifa katika milima hiyo mwaka 1934, mashamba yalinunuliwa na jamaa nyingi zikahama. Wako waliokubaliwa kukaa mpaka kufa kwao, na miongoni mwao walikuwa akina dada watano wa ukoo wa Walker, wanawake wasioolewa, waliolima, waliofuga kondoo na kusokota sufu yao wenyewe katika nyumba ya magogo. Mwaka 1946 gazeti moja kubwa la Marekani liliandika habari zao, na tangu hapo wageni wakaanza kumiminika ili kuwatazama. Mwanzo akina dada hao walifurahi. Wakawauzia wageni maandazi ya matunda na vijisanamu walivyotengeneza kwa mikono. Lakini walipopungua kwa kufa na kudhoofika kwa uzee, waliobaki waliwaandikia wakubwa wa hifadhi kuomba kibao cha kuwakaribisha wageni kiondolewe njiani, maana hawakuweza tena kufanya kazi zao na kupokea watu pia. Wa mwisho wao alifariki mwaka 1964. Nimeitaja habari hii mapema kwa kuwa ilinirudia moyoni mara nyingi nilipokuwa nikitembea ndani ya Dollywood.

Bustani yenyewe haikuanza na Bibi Parton. Ilianza mwaka 1961 kwa gari la moshi tu. Ndugu watatu wa ukoo wa Robbins, kutoka jimbo jirani la North Carolina, walileta magari ya moshi ya zamani wakatandika reli kilimani, wakaiita Rebel Railroad, yaani Reli ya Waasi. Abiria alipanda kana kwamba yuko katika vita vya Marekani vya 1861 hata 1865, na njiani gari lilishambuliwa na askari wa Kaskazini, naye akajidhani yu upande wa Kusini. Watu walicheka na kulipa. Lakini atakayesoma historia atashangaa, maana mwaka 1861, jimbo la Tennessee lilipopiga kura ya kujitenga na Marekani, watu wa wilaya ile ya Sevier walikataa kwa kura nyingi mno. Babu zao hawakuwa waasi. Mchezo ule ulikuwa umevishwa nguo za watu wengine.

Kufikia mwaka 1970 bustani ilikuwa imeitwa Goldrush Junction, chini ya wenye timu ya mpira wa Kimarekani ya Cleveland Browns, na habari ikawa ya wachimba dhahabu wa magharibi. Nayo pia haikuwa habari ya milima ile. Ndipo mwaka 1976 ikanunuliwa na Jack na Peter Herschend kutoka jimbo la Missouri.

Ukoo huo wa Herschend ulikuwa na ujuzi wa ajabu walioupata kwa bahati. Wazazi wao, Hugo na Mary, walikodi pango moja kubwa huko Missouri mwaka 1950 ili kuwatembeza wageni ndani yake. Hugo alikufa mwaka 1955. Mjane na wanawe wawili wakaendelea. Taabu yao ilikuwa kwamba wageni walichoka kungoja zamu ya kushuka pangoni. Basi mwaka 1960 wakajenga juu ya pango hilo kijiji kidogo cha kale, pamoja na mhunzi, maduka na kanisa la magogo, wapate kuwashughulisha wangojao. Muda si muda waliokuja kutazama kijiji wakawa wengi kuliko waliokuja kwa ajili ya pango. Hapo wakafahamu kwamba mtu wa mjini yu tayari kusafiri mbali sana kwenda kumtazama fundi akifanya kazi ambayo babu yake mwenyewe aliiacha.

Ujuzi huo wakauleta Tennessee. Waliwatafuta mafundi wa milimani wenyewe, na mwaka 1982 wakajenga kinu cha maji cha kusagia nafaka. Bustani ikaanza kufanana na nchi iliyoizunguka.

Bibi Parton naye alikuwa ametoka katika wilaya hiyo mwaka 1964, siku ya pili baada ya kumaliza shule ya sekondari, akaenda Nashville kutafuta maisha kwa sauti yake. Alikuwa wa nne katika watoto kumi na wawili. Baba yake alilima tumbaku wala hakujua kusoma. Alipopata utajiri akasema wazi kwamba ataka kujenga mahali pa burudani kwao, na ukoo wa Herschend wakaona ni heri kushirikiana naye kuliko kushindana naye. Tarehe 3 Mei 1986 milango ilifunguliwa kwa jina jipya la Dollywood, na katika msimu ule wa kwanza wakaingia watu zaidi ya milioni moja.

Sasa niseme niliyoyaona. Eneo lake ni kama ekari 160, katika bonde lenye miti na kijito. Tiketi ya siku moja yapita dola 80, yaani zaidi ya shilingi elfu kumi za Kenya, na bei hiyo yatosha kumfanya karani afikiri mara mbili. Vijana wengi huja kwa ajili ya vigari viendavyo juu ya reli za hewani, vikapanda polepole kisha vikaanguka kwa kasi ya kutisha. Viko vya mbao na vya chuma. Kimoja, Wild Eagle, kilichojengwa mwaka 2012, humketisha mtu kando ya reli hata miguu ikaning'inia hewani kana kwamba ni ndege; kingine, Big Bear Mountain cha mwaka 2023, ndicho kirefu kuliko vyote vya bustani hiyo. Ndugu yangu alipanda. Aliposhuka hakunena neno mpaka tulipokunywa chai. Mimi nilimshikia koti.

Nilikaa sana kwenye kinu. Gurudumu kubwa la mbao huzungushwa na maji, nalo huzungusha jiwe la juu, na mahindi hudondoka katikati kidogo kidogo toka kikasha cha mbao. Unga utokao ni wa kukwaruza, wenye pumba, kama ule wa posho mili ya kijijini kabla hatujazoea unga mweupe wa paketi. Hapo hapo huoka mkate wa mdalasini, na foleni yake ni ndefu kuliko ya vigari vingi. Niliona wazee wa Kimarekani wakiunusa unga ule mkononi na kuwaeleza wajukuu wao. Wajukuu walisikiliza, nao si watu wa kusikiliza upesi.

Karibu na hapo ni bonde la mafundi. Mhunzi hufua chuma mbele ya watu, mpuliza kioo hugeuza kioo kilichoyeyuka kuwa chombo, wengine hushona ngozi au huchovya mishumaa. Kwa msomaji wa kwetu haya si maajabu. Atayaona Gikomba bila kulipa kiingilio, na nyundo nyingi zaidi. Lakini tofauti nayo ipo. Fundi wa Dollywood hulipwa kwa kutazamwa, siyo kwa kuuza tu, na kazi ya kutazamwa ina adabu zake. Yampasa aeleze jambo lile lile kila nusu saa kwa uso mchangamfu. Nikawakumbuka akina dada wa Walker. Ila huyu aenda kwake jioni, na kibao cha kuwakaribisha wageni hakiko mlangoni pake.

Pana kanisa dogo la mbao lililojengwa mwaka 1973, tangu zamani za wenye bustani waliotangulia, nalo huitwa kwa jina la Dakta Robert F. Thomas. Huyo alikuwa tabibu wa misheni aliyezunguka milimani kuwatibu maskini, na ndiye aliyemzalisha mama yake Bibi Parton. Baba hakuwa na fedha. Malipo ya daktari yalikuwa gunia la unga wa mahindi. Nilidhani mwanzo kwamba mambo haya hutiwa chumvi, lakini mwenyewe Bibi Parton ameyasimulia tangu zamani pasipo haya, na jina la tabibu limeandikwa pale wote walisome.

Hatua chache mbele iko nyumba ya vyumba viwili, mfano wa ile aliyokulia. Kaka yake aliijenga, na mama yake mwenyewe akapanga vitu vya ndani. Watu hupita mlangoni kimya kimya kuliko kawaida. Kuta zimebandikwa magazeti, vitanda vimesongamana, sufuria zaning'inia. Nilichungulia, na moyoni nikasema nyumba kama hii naijua. Nimelala ndani yake nilipokuwa mtoto, ila yetu iliezekwa kwa majani. Mzungu mmoja nyuma yangu alistaajabu kwa sauti jinsi watu wengi vile walivyoweza kuishi humo. Kwa hakika nyumba hiyo haina njaa yake wala baridi yake, na moshi haumo. Lakini aliyeipanga alikuwa mama aliyewalisha watoto kumi na wawili, wala si mtaalamu wa mbali. Hilo kwangu lilikuwa na uzito.

Wako pia tai wenye vichwa vyeupe, jamaa ya yule tai wa Ziwa Naivasha ambaye mlio wake kila mtu aujua. Huko hufugwa wale walioumia wasioweza tena kurudi mwituni. Na gari la moshi la 1961 lingaliko. Injini zake mbili, moja ya mwaka 1938 na nyingine ya 1943, zilitengenezwa katika kiwanda cha Baldwin na zilitumika kwanza katika reli ya White Pass na Yukon, pande za Alaska na Kanada, ambako wakati wa vita kuu ya pili jeshi la Marekani liliziendesha. Upana wa reli yake ni futi tatu, mwembamba kidogo kuliko reli yetu ya zamani ya Mombasa, iliyo na mita moja. Mtu aliyewahi kusafiri kwa gari la moshi la makaa hatahitaji kuonywa juu ya chembe za jivu machoni. Wale wengine huonywa kabla ya kuondoka.

Je, wenyeji wamepata nini? Hapa yafaa kusema pande zote. Dollywood huajiri maelfu ya watu na yahesabiwa kuwa mwajiri mkubwa kuliko wote wilayani. Kazi nyingi ni za msimu, kwa kuwa bustani hufungwa miezi ya baridi kali toka Januari hata Machi, na kuuza vinywaji au kuegesha magari si kazi ya kumtajirisha mtu. Tena nyumba za kupanga katika wilaya ya Sevier zimekuwa adimu na ghali, maana mwenye nyumba hupata faida zaidi akimpangisha mgeni wa siku tatu kuliko mfanyakazi wa mwaka mzima. Barabara kuu ya Pigeon Forge imejaa hoteli na maduka ya takataka nzurinzuri toka mwanzo hata mwisho. Jina la mji latokana na njiwa wa porini waliokuwa wakitua huko kwa makundi makubwa, na tanuri la chuma la karne ya 19. Njiwa wa aina hiyo wa mwisho duniani alikufa mwaka 1914. Jina tu ndilo lililobaki, nalo limeandikwa kwa taa za umeme.

Upande wa pili, yako matendo yasiyoweza kupuuzwa. Katika miaka ya 1990 Bibi Parton aliwaahidi watoto wa madarasa mawili ya wilaya hiyo dola 500 kila mmoja wakimaliza sekondari, wakiwa wawili wawili, kila mtoto akimchunga mwenziwe asiache shule. Waliokuwa wakiacha walikuwa 35 katika kila mia. Katika madarasa hayo wakapungua wakawa 6. Mwaka 1995, kwa kumkumbuka baba yake asiyejua kusoma, alianza kuwapelekea watoto wadogo wa Sevier kitabu kimoja kila mwezi kwa posta tangu kuzaliwa hata miaka mitano. Mpango huo umeenea katika nchi kadhaa, na kufikia mwaka 2023 vitabu vilivyogawiwa vilizidi milioni 200. Na tangu mwaka 2022 wafanyakazi wa Dollywood, hata wa msimu, hulipiwa karo ya masomo ya juu na vitabu kuanzia siku ya kwanza ya kazi. Sisi tulioajiriwa miaka kumi na bado twaandika barua za kuomba ruhusa ya kujisomea jioni tutaifahamu thamani yake.

Novemba 2016 moto mkubwa wa msituni ulishuka juu ya mji jirani wa Gatlinburg. Watu 14 walikufa, na majengo zaidi ya elfu mbili yaliteketea au kuharibika. Mfuko ulioanzishwa na Bibi Parton ulizipa jamaa zilizopoteza nyumba, zipatazo 900, dola 1,000 kila mwezi kwa muda wa miezi mitano, na mwezi wa sita dola 5,000. Hawakuulizwa maswali mengi. Fedha hizo zilitoka kwa watu wengi waliochanga, lakini waliochanga walimwamini aliyeita, na waliopokea walimjua tangu utoto wake.

Jambo moja nililiuliza kwa bidii: nyumba ya kweli iko wapi? Nikaambiwa iko bado, katika kilima cha Locust Ridge, si mbali sana na bustani. Bibi Parton aliinunua tena pamoja na shamba lake, akaitengeneza upya kwa ajili ya jamaa yake. Wageni hawaruhusiwi. Ndugu yangu alitaka tupite barabarani tu tukaione kwa mbali. Nikamwambia tuendelee na safari yetu, maana giza lilikuwa laingia na njia ya Knoxville ina magari mengi.